Marijani ya Mke Mdogo

Inspekta Solofo Rabenoro alipanda kilima cha Ambohitsinjo asubuhi ile akiwa na hati ya kukamata mtu mfukoni, na furaha ambayo alikuwa akiikanyaga njia nzima isije ikatokeza usoni. Hati ilikuwa imeshapigwa chapa na kugongwa muhuri. Jina lililoandikwa humo lilikuwa la Ramaroson, mkurugenzi wa jumba la mfalme ambalo siku hizi ni makumbusho. Kilichobaki ni sahihi ya Inspekta tu. Mkubwa wake mjini alikuwa amemwambia apande akaone mahali pa tukio kwa macho yake, na kama hakuna jipya amshushe mtu wake kabla ofisi ya mwendesha mashtaka haijafungwa. Mlinzi wa mali ya mfalme akiiba mali ya mfalme, hakimu hana simile naye. Ramaroson angetoka gerezani mvi zimemjaa mpaka kwenye nyusi.

Na Ramaroson ndiye aliyemwoa Voahangy.

Zamani nusura Voahangy awe mke wa Rabenoro. Msemaji wa kwenda kunena kwa wazee wake alikuwa ameshapatikana, na kondoo ameshachinjwa, maana kwa watu wa nyanda hizi mchumba haposwi mpaka upelekwe mkia mnono wa kondoo. Wiki hiyohiyo Ramaroson akashuka kwenye ndege kutoka Ufaransa, na koti la kijivu, na shahada imeviringishwa kwenye bomba. Ule mkia Rabenoro aliula mwenyewe, asubuhi na jioni, mpaka ukaisha. Tangu hapo akisikia harufu ya kondoo anayechomwa macho humtoka machozi, na husema ni moshi.

Langoni palikuwa na kamba, na ubao uliosema jumba limefungwa kwa watalii hadi paa litakapokamilika. Kando yake lile jiwe la duara, kubwa kama gurudumu la mkokoteni wa majitu, ambalo zamani lilivingirishwa kila jioni kuziba njia. Mzee Rainizafy, mlinzi wa lango, alikuwa ameketi mbele yake kwenye kigoda. Watu wote kilimani walijua kwamba babu yake alikuwa akilivingirisha jiwe hilo peke yake kwa paji la uso, na kwamba kila mwaka unaopita babu huyo alikuwa akizidi kupata nguvu.

Rabenoro alipoonyesha kitambulisho, mzee alikitazama kama ganda la ndizi. Akamwambia polisi au si polisi, kwanza aseme amekula nini, maana nyama ya nguruwe haipandi kilima hiki. Rabenoro akajibu amekula wali. Mzee akanusa hewa mara moja, akachota maji kwenye mtungi, akamkabidhi kata.

"Sukutua," alisema. "Mfalme Andriantsinjo alikufa zamani, lakini pua yake haijafa."

Inspekta alisukutua soseji yake ya kituo cha basi, akatema nje ya lango, akarudi kuuliza maswali. Mzee alieleza kwamba siku ya wizi mafundi wa paa walikuwa wamekwenda kwao kuvuna mpunga, na hakuna mgeni aliyepita kambani, labda kunguru. Wizi ulifanyika mchana, watu wakiwa wamekwenda kula. Asubuhi kisanduku cha marijani kilikuwepo, jioni hakipo, na kufuli halina hata mkwaruzo.

"Na mwizi mwenyewe ana adabu," mzee aliongeza. "Kachukua cha kusini, cha mke mdogo wa mfalme. Cha mke mkubwa kamwachia mwenyewe."

Rabenoro akamuuliza kama ameingia ghalani, vilikohamishiwa vitu vya mfalme paa likitengenezwa. Mzee alisema tangu vitu vihamishwe hakuna aliyeingia, mkurugenzi ana wivu na lile ghala kuliko na mkewe.

Neno hilo lilimkaa Inspekta kooni kama mwiba wa samaki, na ndipo Ramaroson mwenyewe akatokea, anateremka ngazi za mawe huku ameshatanguliza mkono. Alikuwa amenenepa. Inspekta aliuona unene ule, akautambua: ni unene wa mtu anayepikiwa vizuri.

"Karibu sana, Inspekta," alisema Ramaroson. "Sidhani kama tumewahi kuonana."

Walikuwa wameonana. Waliketi meza moja siku Voahangy alipomtambulisha mmoja kwa mwenzake, na Rabenoro angeweza kutaja mpaka rangi ya soksi. Lakini mla kunde husahau. Mtupa maganda ndiye asiyesahau.

"Hapana," alisema Rabenoro. "Hatujaonana."

Nyumba ya mfalme ilikuwa juu kabisa, nyeusi, imevuliwa paa kama mtu aliyevuliwa kofia mbele ya wakwe. Ghala lilikuwa chini yake. Lilijengwa na kapteni mmoja wa Kifaransa kwa ajili ya farasi wake: jengo refu la mawe lisilo na dirisha hata moja. Ramaroson alifungua mkanda, akachomoa ufunguo, akatoa kufuli. Mlango ulipofunguka giza lilitoka kama ng'ombe wa zizini. Umeme ulikuwa umekatwa na mafundi. Mkurugenzi akawasha tochi, wakaingia, na mbele yao vikajitokeza vitu vya mfalme, vimefunikwa mashuka meupe kama baraza la wafu.

Ramaroson alijivunia mpangilio wake. Alieleza kwamba kila kitu amekiweka vilevile kilivyokuwa ndani ya nyumba ya mfalme: ukiingia tu, mikuki nyuma ya mlango, nguzo katikati, kitanda kirefu mbele. Aliuchora mpango kwenye karatasi kwanza, kisha akapanga. Paa likimalizika ni kubeba tu, bila kuulizana.

"Visanduku vilikuwa wapi?"

"Huku na huku ya nguzo, kwenye vigoda viwili. Cha mke mkubwa kushoto, cha mke mdogo kulia. Kilichochukuliwa ni cha kulia."

"Kushoto kwa nani?"

"Kwako, unapoingia," alisema Ramaroson, kwa subira ya mwalimu wa chekechea.

Hilo ndilo walilomchekea kilimani. Katika nyanda zile hata kikombe huambiwa kisogezwe magharibi, na mtoto akivaa viatu huambiwa ameanza na cha mashariki. Ramaroson peke yake ndiye aliyekuwa na kushoto na kulia. Walisema alisoma mpaka akapoteza kaskazini.

Rabenoro akafunua shuka la kushoto. Kisanduku cha mti mwekundu, kimefungwa kamba ya rafia, juu yake muhuri wa nta wa polisi waliotangulia. Akauliza tofauti ya viwili hivyo. Ramaroson alijibu kwamba kwa nje hakuna. Hata fundi aliyevichonga ni mmoja. Ndani ndiko kwenye tofauti. Marijani ya mke mkubwa ni nyuzi saba, nyekundu kama pilipili, na imepigwa picha mpaka kwenye kadi za posta. Marijani ya mke mdogo ni uzi mmoja, na haijawahi kupigwa picha.

"Kwa hiyo ile ya nyuzi saba haiuziki."

"Popote duniani."

"Na ya uzi mmoja?"

"Hiyo mtu akiipeleka nje, hakuna atakayeitambua."

"Wangapi wanajua hivyo?"

Ramaroson alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mimi," alisema. Akafikiri tena. "Basi. Mimi."

Ilikuwa kama kumshuhudia mtu akijichimbia kaburi huku akikuomba maoni juu ya kina chake. Inspekta aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote.

"Ufunguo?"

"Ni mmoja. Unakaa mkandani."

"Hata ukila?"

"Hata nikila," alisema Ramaroson, na macho yake yakaanguka sakafuni, yakabaki hukohuko.

Rabenoro aliujua uongo kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Akauliza nani mwingine ameingia humu tangu jumba lifungwe. Hakuna, alisema Ramaroson. Vile visanduku alivibeba mwenyewe mikononi, kimoja kimoja, akavifunika mwenyewe. Hata mke wangu, alisema, hajavuka kizingiti hiki.

Mke wangu. Rabenoro akafunga daftari. Kazi ilikuwa imekwisha. Kalamu alikuwa nayo mkononi na hati mfukoni. Angesainia palepale nje, juu ya ukuta, penye jua zuri.

Akatoka. Lakini alitoka kinyumenyume, kwa sababu mtu wa nyanda za juu hakipi mgongo kitanda cha mfalme, hata kikiwa kimelazwa kwenye banda la farasi. Ramaroson alishatoka kwa kifua mbele kama anatoka posta. Rabenoro alirudisha mguu mmoja nje ya kizingiti, na jua la asubuhi likampiga kisogoni.

Akasimama hivyohivyo, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

Jua la asubuhi kisogoni. Basi mlango wa ghala uko mashariki. Na mlango wa nyumba ya mfalme, kama wa nyumba ya mtu yeyote aliyelelewa na wazee wake, uko magharibi. Kapteni hakujua, na farasi hawakulalamika. Ramaroson alikuwa amechukua nyumba ya mfalme na kuizungusha nusu duara, kaskazini ikawa kusini, kisha akaifunika mashuka.

"Bwana mkurugenzi," aliita. "Hiki kisanduku kilichobaki, cha mke mkubwa, kiko kaskazini ya nguzo au kusini?"

"Kaskazini, bila shaka," alijibu Ramaroson. "Ndiko kwenye heshima. Hata mimi hilo najua."

Kilikuwa kusini. Kilikuwa kusini, upande wa ndoo, watoto na watumwa, na mkurugenzi aliyekiweka kwa mikono yake hakuwa na habari.

Rabenoro alimshukuru, akasema anazunguka kidogo kutazama ukuta. Akauzunguka ukuta, akaumaliza, akauanza tena. Lile wazo lilikuwa mdomoni mwake kama kiazi cha moto, kukimeza hawezi na kukitema hataki. Mwizi aliingia katika giza lile bila haja ya taa, kwa sababu mtoto wa kilima hiki hahitaji taa kuiona kaskazini. Alikwenda kwenye nguzo, akanyoosha mkono kaskazini, mahali ambapo marijani ya mke mkubwa imelala tangu enzi za mfalme, akabeba kisanduku. Hakukifungua, kwa nje vinafanana. Kumbe kilikuwa cha mke mdogo. Hapakuwa na mtaalamu aliyechagua kitu kisichopigwa picha. Palikuwa na mtu aliyekosea, na lile lilikuwa kosa ambalo kilimani kote mtu mmoja tu hangeweza kulifanya. Mtu huyo alikuwa anakula vizuri na amemwoa Voahangy.

Alipouzunguka ukuta mara ya tatu, Mzee Rainizafy alimwita kutoka langoni, akamuuliza kama amepoteza mbuzi.

Jikoni kwa mkurugenzi mlango ulikuwa wazi. Voahangy alikuwa anamimina maji kwenye ukoko wa wali ili wapate kinywaji cha mchana. Jina lake kwa lugha yao maana yake ni marijani, na Inspekta alikuwa ameapa njia nzima kutolikumbuka hilo. Voahangy hakushtuka kumwona. Alimtazama, akasema, kama vile waliachana jana:

"Solofo. Una chenga za mkate upande wa kusini wa masharubu."

Akazipangusa. Akakataa kukaa, kisha akakaa. Voahangy alimwekea kikombe cha maji ya ukoko, moto, chenye harufu ya moshi, na hakungoja kuulizwa. Alisema anajua mumewe ameshadanganya kuhusu ufunguo. Kanuni za kazi zinasema usitoke mwilini, lakini bwana huyo akila lazima alegeze mkanda, na mkanda ukilegezwa ufunguo hutundikwa kwenye ule msumari pale. Alinyoosha kidevu. Msumari ulikuwa kando ya mlango, mahali ambapo jirani akija kuomba chumvi bega lake linaugusa.

"Nani aliomba chumvi siku ile?"

Voahangy akakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa. Kisha akauliza, bila kugeuka, kama lazima aseme. Rabenoro akamweleza kwamba mumewe analala gerezani leo, asiposema. Aliposikia neno leo, mwiko ulimtoka mkononi.

"Sahondra," alisema. "Binamu yangu. Lakini yeye si mwizi. Yeye ana hasira tu."

Na hasira yenyewe haikuwa siri. Jumba likifunguliwa upya kutakuwa na sikukuu ya Kuoga kwa Mfalme, na mwanamke wa ukoo atashusha maji ya kisima akiwa amevaa zile nyuzi saba. Miaka yote mwanamke huyo alikuwa Sahondra. Mwaka huu wazee walimchagua Voahangy. Sahondra alikuja kumpongeza, akambusu mashavu yote mawili, na busu zenyewe, alisema Voahangy, zilikuwa baridi kama za chura.

Rabenoro alisimama. Mlangoni alisikia akiitwa tena kwa jina lake la nyumbani, na alipogeuka aliambiwa maneno manne tu: "Solofo, usinichukulie mume wangu."

Nyumba ya Sahondra ilitazama jumba kutoka ng'ambo ya mtaro. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cheupe begani hakina hata kunyanzi, na alipomwona Inspekta alitabasamu kwa upande mmoja.

"Karibu, shemeji," alisema. "Samahani. Shemeji wa zamani. Uliponea chupuchupu."

Alimketisha upande wa kaskazini, pa wageni wa heshima, akamletea karanga. Alikuwa msemaji. Alisema habari za wizi amezisikia kama kila mtu. Alisema ghalani hajatia mguu tangu watu wa kilima walipofungiwa mali yao wenyewe. Rabenoro alikubali yote, akamenya karanga, akasifu chumba, akasema kwa sauti ya mtu anayepoteza muda kwamba inasikitisha, mkurugenzi ni msomi na ametunza vizuri, na hata huo mpango wa ghala ameuchora mwenyewe. Voahangy naye, alisema, amependeza kweli kwa umri wake. Zile nyuzi saba zitamkaa.

Sahondra akaacha kutabasamu.

"Ametunza," alisema. "Mtu anaweka marijani ya mke mkubwa kusini, pamoja na ndoo, kama za kijakazi, halafu unaniambia ametunza? Ndio watu aliowachagua Voahangy hao. Hajui hata mfalme analala kichwa wapi."

Rabenoro alimenya karanga moja zaidi. Aliila. Kisha akauliza kwa upole nani kamwambia kwamba ziko kusini.

"Watu."

"Watu gani, dada? Mzee wa lango anasema za mke mkubwa ziko kaskazini, maana ndiko zilikokuwa siku zote. Mkurugenzi mwenyewe nimemuuliza, anasema kaskazini, na ndiye aliyeziweka. Wenzangu waliokuja kutia muhuri wameandika kushoto na kulia kama alivyowaambia. Mimi nimejua asubuhi hii, na nilijua kwa kisogo. Kilima kizima tunaojua ni wawili: mimi, na aliyenyoosha mkono kaskazini gizani akafika nyumbani akafungua akakuta uzi mmoja."

Nje kuku alikuwa anatangaza yai. Sahondra alimsikiliza kuku mpaka akamaliza. Hakulia wala hakukana. Alisema tu kwamba ufunguo aliurudisha msumarini kabla mkurugenzi hajamaliza kula, na kwamba alipofungua kisanduku aliketi sakafuni akacheka. Alitaka mwenzake asizivae, basi. Hakutaka kuuza, hakutaka kuvaa. Alitaka siku ya sikukuu wafungue kisanduku mbele ya kilima chote, wasikute kitu, Voahangy asimame pale na shingo tupu.

"Kiko wapi?"

"Ngoja kwanza, shemeji." Akasogea karibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka na kuwa nzuri. "Hiyo karatasi kifuani ni ya kumchukua Ramaroson. Usinitazame hivyo, kilima hiki kinajua mpaka unachokula. Tia sahihi. Nani atajua? Mke wa mwizi hashushi maji ya mfalme, kwa hiyo mimi nimepata changu. Na wewe unapata chako. Mwanamke peke yake, mume yuko ndani, polisi mwema anapita kumjulia hali. Kila wiki. Mpaka azoee."

Akamsogezea kimeza. Akaenda mbali zaidi: akafuta maganda ya karanga kwa kiganja ili karatasi ilale vizuri.

Na Inspekta Rabenoro aliitoa ile hati. Aliitandaza. Alifungua na kalamu, na kwa kitambo ncha yake ilielea juu ya mstari kama nzi anayetafuta pa kutua. Mle chumbani hapakuwa na shahidi isipokuwa picha ya Kristo, na hata hiyo ilikuwa imetundikwa ukuta wa mashariki, inatazama juu ya vichwa vyao.

"Sisi tumefanana," alisema Sahondra taratibu. "Nilikuona ulivyokuwa unauzunguka ule ukuta. Hivyohivyo ndivyo nilivyouzunguka mimi."

Laiti angenyamaza. Neno moja pungufu na Ramaroson angelala ndani siku ile. Mtu anaweza kuishi na wivu wake miaka, akaulisha, akaunywesha, akauona ni haki yake. Lakini aje auone uso wake umevaa kitambaa cheupe begani, unamtabasamia kwa upande mmoja na kumpangusia meza! Rabenoro aliinua kalamu. Alikata jina la Ramaroson kwa mstari mmoja, akauliza jina kamili la mwenye nyumba na jina la baba yake, akaliandika juu yake. Ndipo akatia sahihi. Sahihi ikatoka mbaya.

Kisanduku kilikuwa ndani ya pipa la mchele. Rabenoro alikata kamba ya rafia, akahesabu uzi uleule mmoja, mwekundu uliopauka, akafunga. Alimuuliza Sahondra kama amewahi kuivaa marijani hiyo, hata mara moja, hata mbele ya kioo.

"Ya mke mdogo?" alisema Sahondra. "Mimi?"

Walivuka mtaro pamoja, kisanduku kwapani kwa Inspekta, na hapakuwa na haja ya pingu, kwa sababu Sahondra alitangulia kama aliyekuwa akimwonyesha mgeni njia. Langoni watu walikuwa wameshakusanyika. Rabenoro alimkabidhi mkurugenzi kisanduku, akamwomba aseme mbele ya watu kwamba ndicho, na Ramaroson akasema ndicho, sauti imekatika katikati. Inspekta akaeleza kwa kifupi nani na kwa nini. Kuhusu ufunguo alisema uliachwa mahali pasipostahili kwa muda mfupi, na taarifa yake itaishia hapo. Mzee Rainizafy alitikisa kichwa, akasema babu yake angemsikia mwizi kwa paji la uso.

Voahangy alimpiga mumewe kibao cha bega, kwa ajili ya ule uongo. Kisha mkono ukabaki palepale ulipopiga, ukakishika kitambaa cha shati, ukakikunja ngumini, na haukuachia. Ramaroson alikuwa anaongea, anashukuru, anamwalika Inspekta sikukuu, aje na familia. Rabenoro alisema atajitahidi. Alikuwa anautazama ule mkono.

Sahondra alikaa kiti cha mbele cha gari la polisi bila kuambiwa. Rabenoro akaingia, akafunga mlango, akaweka funguo, akawa hawashi. Kwenye kioo cha nyuma watu walionekana wanatawanyika, na wawili bado wamesimama.

"Alikutazama?" Sahondra aliuliza.

"Nani?"

"Usijifanye, shemeji. Umemrudishia mume wake. Alikutazama?"

Rabenoro alisubiri mpaka kioo kikabaki na ukuta tu.

"Hapana."

"Nimeiba mali ya mfalme, nimevunja mwiko wa ukoo mzima," alisema Sahondra, anatengeneza kitambaa chake begani, "na hata mimi hakunitazama."

Inspekta akaachia breki, gari likaanza kuteremka lenyewe.